Programu inafunguka tu, diski haichomwi

SWALI: Habari za kazi. Kila wiki huwa nachoma folda ya kazi zangu kwenye DVD kwa ImgBurn, nimechoka kubonyezabonyeza nikaona niandike faili la .bat lifanye lenyewe usiku. Nimeweka jina la programu na folda, sasa asubuhi nikiamka nakuta dirisha liko wazi linanisubiri na diski tupu. Nakosea wapi?

JIBU: Salama ndugu yangu, na uko karibu sana kufika. Programu ukiifungua kwa amri haijui unataka ianze kazi au unataka kuangalia tu, kwa hiyo inakaa inasubiri. Kila swali ambalo ungelijibu kwa mausi inabidi ulijibu mapema ndani ya amri, likibaki hata moja ndo hapo inaganda mpaka asubuhi. Kwenye ImgBurn neno linalowasha kazi ni /START, bila hilo mengine yote yanajazwa tu kwenye dirisha basi.

Halafu mi nakushauri igawe kazi mara mbili, kwanza utengeneze faili la ISO (faili moja lenye nakala ya diski nzima) ndo uchome, maana ISO ikishakuwepo hata diski ikiharibika katikati unaweka nyingine unaendelea, hurudii kukusanya mafaili. Amri ya kwanza (andika yote kwenye mstari mmoja):

start "" /wait "C:\Program Files (x86)\ImgBurn\ImgBurn.exe" /MODE BUILD /BUILDINPUTMODE STANDARD /BUILDOUTPUTMODE IMAGEFILE /SRC "D:\Kazi Zangu" /DEST "D:\kazi.iso" /FILESYSTEM "ISO9660 + UDF" /UDFREVISION "1.02" /VOLUMELABEL "KAZI" /ROOTFOLDER YES /NOIMAGEDETAILS /CLOSESUCCESS /START

Ya pili, kama draivu yako ya DVD ni E:

start "" /wait "C:\Program Files (x86)\ImgBurn\ImgBurn.exe" /MODE WRITE /SRC "D:\kazi.iso" /DEST E: /VERIFY YES /EJECT YES /CLOSESUCCESS /START

Hizo alama mbili tupu baada ya start usizitoe kabisa, watu wengi wanakwama hapo. start ikikuta maneno ya kwanza yamefungwa kwa alama za kunukuu inadhani ni jina la dirisha, kwa hiyo njia ya programu yako inamezwa na haifunguki. /wait nayo inazuia amri ya pili isianze kuchoma ISO ambayo haijaisha. Na folda yenye nafasi kwenye jina, kama hiyo Kazi Zangu, lazima uifunge hivyo hivyo.

ISO ya wiki iliyopita ifute kwanza, weka del "D:\kazi.iso" juu kabisa, isije ikakuuliza kama iandike juu yake na wewe umelala.

Napenda sana /CLOSESUCCESS kuliko /CLOSE, kwa sababu inafunga programu kazi ikifaulu tu, ukiamka ukakuta dirisha bado lipo ujue kuna kitu kimegoma na ujumbe wake uko pale pale unausoma. /VERIFY nayo usiiruke hata kama inaongeza muda, diski inaweza kuchomwa mpaka mwisho na bado isisomeke, na hizo ni kazi zako.

Angalia na ukubwa pia. DVD ya kawaida imeandikwa GB 4.7 lakini Windows inaihesabu kama 4.38, folda ikipita hapo haiingii.

SWALI: Na sisi wa Linux je?

JIBU: Huko ni rahisi zaidi maana hakuna dirisha la kukusubiri. Weka xorriso, programu ya kutengeneza ISO na kuichoma kwa amri, kisha:

xorriso -as mkisofs -r -J -V KAZI -o kazi.iso Kazi/ && xorriso -as cdrecord -v dev=/dev/sr0 kazi.iso

Hiyo && inamaanisha ISO ikishindikana kutengenezwa, kuchoma hakuanzi, kwa hiyo hupotezi diski bure. Ukitaka iwe inajiendesha kila wiki iweke kwenye cron (kipanga ratiba cha Linux), ila diski tupu kuiweka kwenye draivu kabla ya kulala hiyo inabaki kazi yako.