Kabla hujanunua paleti, nunua msasa

Mjomba wangu alikuja kunitembelea Tabata akitokea msikitini, kanzu nyeupe imepigwa pasi mpaka inakata. Nikamkaribisha kwenye kiti nilichokipaka vanishi kwa mkono wangu siku mbili nyuma. Tukapiga soga, akanywa chai, akasifia viazi. Alipoinuka kuaga, kanzu haikuinuka. Ilinasa pale pale kama plasta kwenye kidonda.

"Mwanangu," akasema taratibu, "hiki kiti kimenipenda."

Ilikuwa masika, hewa imejaa unyevu. Nilipaka mkono wa kwanza asubuhi na wa pili mchana ule ule, tena mzito, chumbani, dirisha limefungwa ili vumbi lisiingie. Juu palikauka, chini bado uji. Tangu siku ile napaka vanishi nyembamba, nje kwenye kivuli, na mkono wa pili haugusi mbao mpaka kesho yake. Tina, ile ya kuchanganyia vanishi, nayo ziko aina aina, kwa hiyo ukinunua vanishi muulize muuzaji inachanganywa na ipi.

Kiti chenyewe nilikiokota. Jirani alikuwa anahama, akakiacha nje na makapi mengine kwa sababu mguu mmoja ulicheza na rangi ilikuwa imebabuka. Nilipokwangua kidogo kwa kisu nikaona wekundu wa mninga. Mninga! Watu wanahangaika kutafuta paleti za msonobari, yale majukwaa ya mbao ya kupangia mizigo, watengeneze makochi kama waliyoyaona mtandaoni, huku mbao ngumu ya miaka mingi inanyeshewa uani. Ushauri wangu wa kwanza ndio huo: kabla hujatengeneza kipya, zunguka uangalie kilichotupwa. Mguu unaocheza ni gundi ya mbao, kamba ya kukaza vizuri, na usiku mmoja wa kusubiri. Na mninga usiufunike kwa rangi ya mafuta, tafadhali.

Kazi yenyewe sasa ni msasa. Hapa ndipo wengi tunapokata tamaa, na ndipo tofauti ya kazi ya fundi na ya kubahatisha inapoonekana. Anza na namba 80 kuondoa rangi ya zamani na mikwaruzo mikubwa, nenda 120, malizia na 240. Ukiruka katikati, ile mikwaruzo ya namba 80 inabaki, na vanishi ikikolea inaionyesha yote. Usiushike msasa kwa vidole vitupu. Uzungushie kipande cha mbao chenye ukubwa wa nusu mche wa sabuni, kisha sugua kufuata nyuzi za mbao, usizikate. Funga khanga puani. Ukidhani umemaliza, pitisha soksi ya nailoni juu ya mbao. Ikinasa popote, rudi hapo. Mimi kile kiti kilinila jioni nne, mikono inawaka, mpaka mama mwenye nyumba akaniuliza kama nimeanza kazi ya useremala.

Kama bado unazitaka paleti, sikuzuii, meza yangu ya sebuleni ni paleti. Ila chagua kwa macho. Zinazosafirishwa nje ya nchi hugongwa muhuri wenye suke la ngano. Pembeni ukiona HT, mbao zilitibiwa kwa joto. Ukiona MB, zilifukizwa dawa ya kuua wadudu, hizo ziache. Yenye madoa ya mafuta au harufu usiyoielewa iache pia, hata ukipewa bure, maana hujui ilibeba nini.

Halafu misumari. Misumari ya paleti nyingi imesokotwa kama skrubu, ukiivuta kwa nyundo inapasua mbao. Mimi nilivunja mbao tano kabla fundi mmoja wa Keko hajanionea huruma. Alichukua jani la msumeno wa kukatia chuma, akalipenyeza kwenye upenyo kati ya mbao mbili, akakata misumari humo humo ndani. Mbao zikaachana zenyewe bila kelele. Vichwa vya misumari hubaki kwenye mbao kama vidoa vyeusi, na mimi navipenda hivyo.

Kwa asiye na hamu ya kupiga msasa, kuna stuli ya tairi. Tairi kuukuu la gari dogo, rimu 14, lioshe kwa sabuni na brashi, lianike. Kata duara mbili za plaiwudi, zifunge kwa skrubu juu na chini. Kisha anza katikati ya duara la juu kuzungusha kamba ya katani kama konokono, ukipaka gundi kidogo kidogo, ushuke mpaka ubavuni. Usiharakishe gundi, ukiimwaga nyingi kwa pamoja inakauka kabla kamba haijafika. Hesabu ya kamba ndiyo iliyonishinda. Nilinunua mita 30 za unene wa milimita 10, zikaishia juu na mizunguko miwili tu ya ubavuni. Nikarudi dukani kwa bodaboda. Nunua mita 60 kabisa, nauli yako ibaki mfukoni.

Pazia ni rahisi kuliko vyote. Kitenge cha yadi 6 ni kama mita 5.5. Kwa dirisha la mita 1.2 kata vipande viwili vya mita 2.2, ukivipanga sambamba unapata mikunjo ya kutosha, na kinachobaki kinatoa foronya za mito miwili. Kifue kwanza kabla ya kukata. Cha kwanza sikukifua, kikaruka sentimita kadhaa juu ya sakafu kama suruali ya mtoto aliyekua ghafla.

Godoro la kochi mwachie fundi wa makochi. Nilijaribu kushona mwenyewe, nikapata kitu kama gunia la mkaa, na pesa niliyookoa ikaishia kwenye kitambaa kilichoharibika.

Jambo la mwisho kwa sisi wapangaji: pima mlango kabla hujafunga skrubu ya mwisho. Kila kitu changu kinapita mlangoni na kinaingia kwenye kirikuu kimoja, kile kigari kidogo cha mizigo. Nimeshahama nacho mara mbili, na kile kiti cha mninga hupanda cha mwisho, kimefungwa shuka. Mjomba akija bado hukipapasa kwa kiganja kwanza, ananitazama, ndipo anakaa.