Yu Gwan-sun hakunyongwa

Wapo wanaosema Yu Gwan-sun, mwanafunzi wa Korea aliyepigania uhuru dhidi ya utawala wa Japani, alinyongwa. Hapana, hakunyongwa. Yu Gwan-sun alifia gereza la Seodaemun, Seoul, 28 Septemba 1920, kwa majeraha ya mateso. Hukumu ilikuwa kifungo tu, miaka 5, rufaa ikashusha hadi 3, kwa maandamano ya kudai uhuru kwenye soko la Aunae, Aprili 1919, ambako Wajapani waliwaua baba na mama yake. Hata ndani hakutulia: Machi 1920 aliongoza wafungwa wenzake kupaza sauti za uhuru. Aliyenyongwa ni An Jung-geun, mpigania uhuru mwingine wa Korea, 1910, huenda ndiye wanayemchanganya naye. Yu alipofariki alikuwa na miaka 17. Ukikuta 19, ni hesabu ya zamani ya Kikorea, mtoto anazaliwa tayari ana mwaka 1, na anaongeza mmoja kila Mwaka Mpya.