Senior Pass na kambi za hifadhi za Marekani: nusu bei inaanzia wapi na inaishia wapi

Aliyeuliza ametoa maelezo haya: mume ana miaka 66, mke 60, wote wakaazi wa kudumu, wamestaafu huko Minnesota, wana gari dogo na hema, na wanataka kuzunguka hifadhi za taifa mwezi wa Julai kwa Senior Pass ya mume, yaani pasi ya wazee ya kuingilia hifadhi na kupunguziwa bei ya kambi. Je, inalipa?

Inalipa. Ila wengi huinunua wakifikiria geti, kumbe kwa anayepiga kambi geti ndiyo faida ndogo. Faida kubwa ni usiku, kwenye bei ya kulala.

Tuanze na anayestahili. Ni aliyetimiza miaka 62 na ni raia au mkaazi wa kudumu. Mwenye viza ya matembezi hastahili hata akiwa na miaka 80, kwa hiyo mama aliyekuja kutoka Tanga kusalimia wajukuu hawezi kununua ya kwake. Pasi ya mwaka ni dola 20, ya maisha dola 80. Mtakutana na wazee wa Kimarekani watakaowaambia walilipa dola 10. Ni kweli, lakini bei hiyo iliisha Agosti 2017. Kadi zao za zamani bado zinakubalika. Asiye na 80 leo aanze na 20 bila wasiwasi, kwa sababu pasi 4 za mwaka hubadilishwa kwa moja ya maisha. Mkinunua getini mnaondoka nayo papo hapo, mradi muwe na kitambulisho chenye picha, umri na uthibitisho wa ukaazi. Mkiagiza iletwe kwa posta mnaongezewa ada ya usindikaji. Si kila geti linauza, basi pigeni simu kwanza.

Kabla ya kulipa jiulizeni mambo mawili. Kama mmoja wenu ana ulemavu wa kudumu, Access Pass ni ya bure, ni ya maisha, na ina punguzo lile lile la kambi. Haina sharti la umri, kwa hiyo hata mke wa miaka 60 angeweza kuipata. La pili linawahusu waliotumikia jeshi la Marekani: pasi yao ya bure inafungua geti tu, haipunguzi bei ya kulala. Askari mstaafu wa miaka 62 anayependa kambi anunue Senior Pass hata kama ile nyingine anayo.

Getini, Grand Canyon, Yellowstone na Yosemite hutoza dola 35 kwa gari kwa siku 7. Waliozoea hifadhi za Tanzania, ambako unalipia kila kichwa kwa saa 24, mara nyingi hawaamini, lakini pasi ya mzee mmoja inafunika gari zima la binafsi. Panapotozwa kwa kichwa inamfunika mwenye pasi na watu wazima watatu. Walio chini ya miaka 16 hawalipi. Kama mtabeba ndugu anayeishi nje ya Marekani, pigeni simu hifadhini mapema: tangu Januari 2026 kuna ada ya dola 100 kwa wageni wasio wakaazi katika hifadhi 11, zikiwemo hizo tatu.

Sasa kambi. Nafasi ya dola 30 mnalala kwa 15. Usiku wa sita pasi ya maisha imeshajilipa, hata kabla hamjahesabu geti. Lakini punguzo lina mipaka, na watu huanza kubishana na mhudumu wa kambi kwa sababu hawakuijua.

Kwanza, pasi ni ya mtu, si ya familia. Mume awepo, alale pale, aonyeshe kadi na kitambulisho. Akibaki nyumbani na mke akaenda na wajukuu, bei ni kamili. Mkikodi nafasi mbili kwa sababu watoto wamekuja na hema lao, nusu bei ni kwa moja tu. Nafasi za vikundi hazimo. Kadi ikisahaulika nyumbani mnalipa kamili na hamrudishiwi baadaye. Ikipotea mnanunua nyingine.

Pili, angalieni nani anaendesha uwanja wa kambi. Viwanja vinavyoendeshwa na hifadhi yenyewe havina shida. Vilivyokodishwa kwa kampuni hutegemea mkataba wake. Mfano mzuri ni Yellowstone: Madison, Canyon, Grant Village na Bridge Bay viko chini ya kampuni na bado wanapunguza, lakini Fishing Bridge, chenye umeme, maji na bomba la majitaka, hawapunguzi. Sehemu nyingi ada ya umeme haiguswi na pasi, na ada ya kuweka nafasi haiguswi popote.

Tatu, hifadhi za majimbo ni serikali nyingine kabisa. Huko South Dakota, Wind Cave ni ya taifa na Custer ni ya jimbo, zinapakana. Upande mmoja pasi inafanya kazi, upande wa pili ni plastiki tu. Wind Cave haina ada ya geti, lakini ziara za pangoni zinalipiwa, na huko pia mwenye pasi hulipa nusu.

Ambalo wengi hawalijui ni kwamba pasi haiishii kwenye hifadhi za taifa. Misitu ya taifa, ardhi za BLM (idara ya serikali kuu inayosimamia ardhi za umma) na viwanja vya Army Corps of Engineers kando ya mabwawa navyo hukubali. Hivi vya wahandisi wa jeshi, kama vilivyo karibu na bwawa la Gavins Point kwenye Mto Missouri, vina nafasi pana, sakafu tambarare na mara nyingi umeme. Kwa mtu mwenye magoti mabovu ningevitanguliza kabla ya kambi nyingi zenye majina makubwa.

Kwa mtu wa Minnesota, njia ya kwenda Yellowstone kupitia Badlands, hifadhi nyingine ya taifa huko South Dakota, na Wind Cave ina faida ya kiafya. Nyumbani mko karibu mita 250 juu ya bahari, Wind Cave ni kama 1,300, na kambi za Yellowstone ziko kati ya mita 1,900 na 2,400. Anayeruka kwa ndege na kulala Canyon usiku wa kwanza huamka na kichwa kizito, pumzi fupi na usingizi wa kukatikakatika. Anayepanda taratibu kwa siku tatu nne hupata nafuu kubwa. Mkifika Yellowstone laleni kwanza Mammoth, ndiyo ya chini kuliko nyingine na usiku wake hauna baridi kali kama kambi za juu, ingawa ni baridi kuliko nyumbani. Mwenye dawa za presha, hasa zile za kukojoza, azungumze na daktari kabla ya safari kuhusu mwinuko, joto na saa ya kumeza. Mwenye Medicare ya kawaida, bima ya afya ya serikali kwa wazee, anatibiwa jimbo lolote kwa daktari anayeipokea. Mwenye Medicare Advantage, ile inayoendeshwa na kampuni binafsi, asome mkataba wake, kwani nje ya mtandao wake mara nyingi ni dharura tu inayolipwa bila maswali.

Baridi ndiyo inayowarudisha watu nyumbani mapema. Juu kule usiku wa Julai unaweza kukaribia kuganda. Kosa la kawaida ni godoro la kujaza upepo: hewa iliyo ndani inazunguka na kunyonya joto la mwili kupeleka ardhini, unatetemeka ukiwa na blanketi tatu juu. Wekeni sponji au mkeka mnene kati yenu na godoro, si chini yake. Bora zaidi ni kitanda cha kukunja chenye kimo cha sentimita 40 hivi na sponji juu yake, maana kuinuka kutoka chini saa nane za usiku kwenda haja ni kazi. Chagueni hema ambalo mtu anasimama wima kuvaa suruali. Kwenye ramani tafuteni nafasi iliyo mita 30 hadi 50 kutoka chooni: karibu zaidi mlango utawagongea usiku kucha, mbali zaidi mtajikwaa gizani. Kila mmoja awe na tochi yake ya kichwani.

Vigingi vinavyokuja na hema vitupeni. Ardhi ya kambi hizi ni kokoto iliyoshindiliwa na vitapinda. Nunueni vya chuma vya sentimita 25 hadi 30 na nyundo. Badlands ina upepo mkali unaovunja miti ya hema. Egesheni gari upande upepo unakotoka na fungeni kamba zote tangu mchana, hata kama kumetulia.

Mwenye mashine ya CPAP, ya kusaidia kupumua usingizini, asiogope kambi isiyo na umeme. Bila kipasha unyevu nyingi hutumia kama wati 30, yaani wati-saa 240 kwa usiku wa saa 8. Betri ya lithiamu ya volti 12 na Ah 100 ina karibu wati-saa 1,280, basi ni usiku nne hadi tano. Tumieni waya wa volti 12 wa mashine yenyewe. Kugeuza umeme kuwa wa ukutani kunapoteza chaji bure. Insulini isigusane na barafu, kwani ikiganda imeharibika hata kama inaonekana safi. Ifungeni kwenye kitambaa ndani ya chombo, katikati ya sanduku la barafu.

Chakula: maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi mkiwa mita 2,400, kwa hiyo maharage huchelewa mno kuiva. Chemsheni nyumbani, myagandishe, yatasaidia hata kupoza sanduku. Au bebeni sufuria ya presha. Jiko la gesi ni lazima, kwa sababu kiangazi kikikauka kuni na mkaa hupigwa marufuku huku gesi ikiruhusiwa. Kuni zikiruhusiwa, nunueni karibu na kambi. Za kutoka nyumbani husafirisha wadudu wanaoua miti.

Dubu hafuati nyama tu. Dawa ya meno, sabuni, mafuta ya kujipaka, na dagaa zaidi ya vyote, havilali ndani ya hema. Yellowstone mnaweza kuvifungia garini vioo vikiwa juu. Yosemite hairuhusiwi usiku, dubu wa kule huvunja milango ya magari; kila nafasi ina sanduku la chuma, mtumie hilo. Dawa ya kupulizia dubu ni ya kubeba Yellowstone na ni marufuku Yosemite. Umbali ni mita 91 kwa dubu na mbwamwitu, 23 kwa wanyama wengine, nyati wakiwemo. Nyati anaonekana mpole kama ng'ombe wa zizini, lakini anakimbia kuliko binadamu yeyote.

Kuweka nafasi. Viwanja vingi viko Recreation.gov, tovuti ya serikali ya kuwekea nafasi, na hufunguliwa miezi 6 kabla, saa nne asubuhi kwa saa za Mashariki, yaani saa tatu kwenu Minnesota. Yosemite ina utaratibu wake, hufungua tarehe 15 ya mwezi, na kwa saa zenu ni saa tatu hiyo hiyo. Ingieni kwenye akaunti dakika 10 kabla, namba ya pasi ikiwa tayari mkononi. Msipoijaza mfumo unawatoza bei kamili. Jumapili hadi Alhamisi hupatikana kwa urahisi kuliko wikendi, na mstaafu hafungwi na wikendi. Mkiahirisha, kufuta ni dola 10. Mkifuta siku moja kabla au siku yenyewe mnapoteza na usiku wa kwanza. Msipotokea kabisa ni dola 20 na usiku huo. Futeni mapema, kuna mwingine anaisubiri nafasi hiyo. Vile viwanja vya kampuni vya Yellowstone huwekwa kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, wala msivitafute Recreation.gov.

Anzeni na Yellowstone kwa sababu ndiyo ngumu: kwa usiku wa 10 Julai, nafasi za Mammoth hufunguliwa 10 Januari. Zikishapatikana hizo tarehe ndipo mpange za njiani. Sage Creek, ndani ya Badlands, ni ya bure na haiwekewi nafasi. Fikeni kabla ya saa nane mchana, na kwa kuwa hakuna bomba, jazeni lita 20 za maji mkiwa bado mjini Wall.