Sindano ya mgongo: usikate tamaa siku ya tatu

Maumivu ya kawaida ya mgongo nayajua tangu nianze kununua dagaa mwaloni Kirumba, hapa Mwanza. Ukijinyoosha, ukilala, asubuhi umeamka nafuu. Haya ya mshipa wa neva ni mengine kabisa. Yalianzia kwenye kalio la kushoto, yakateremka nyuma ya paja, yakapita upande wa nje wa mguu hadi juu ya dole gumba. Yanachoma kama moto, halafu yanaacha ganzi. Nikipiga chafya, machozi yananitoka. Kwenye daladala ya Igoma nilikuwa nasimama hata viti vikiwa wazi, maana kukaa kulikuwa adhabu.

Nilimeza diklofenaki, dawa ya maumivu, miezi minane, tumbo nalo likaanza kuuma. Mwishowe kipimo cha MRI kikaonyesha diski iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno imetokeza, imebana mzizi wa neva. Daktari akataja sindano. Nikarudi nyumbani nikakaa nayo moyoni wiki tatu, kwa sababu huku kwetu ukisema sindano ya mgongo, mtu anakujibu, "Utapooza, dada."

Nieleze nilivyoelezwa mimi, maana ndiko kulikonipa ujasiri. Sindano hii haichomwi ndani ya uti wa mgongo, yaani ile kamba ya neva inayopita ndani ya pingili. Dawa inawekwa nje ya utando unaoufunika, kwenye nafasi yenye mafuta na mishipa midogo ya damu. Tena kwa mtu mzima uti wenyewe huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo ni mizizi ya neva tu. Kinachowekwa ni steroidi ya kupunguza uvimbe, mara nyingi ikichanganywa na dawa ya ganzi. Hatari zipo na usikubali kuambiwa hazipo: maambukizi, kuvuja damu, kutobolewa kwa utando. Mwaka 2014 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba kwa nadra sana steroidi zikichomwa eneo hili zimesababisha upofu, kiharusi, kupooza na hata kifo. Kwa hiyo muulize daktari wako atatumia steroidi gani, na kama ataongozwa na picha ya eksirei wakati sindano inaingia. Wangu alinijibu yote mawili bila kukasirika. Anayekasirika kwa maswali hayo, mimi nisingempa mgongo wangu.

Siku yenyewe nililala kifudifudi, mto chini ya tumbo. Ganzi ya ngozi inachoma kidogo, kisha unasikia mgandamizo mzito. Ukisikia mshtuko umepiga mguuni, sema papo hapo, usivumilie. Baada ya muda mfupi nilikuwa nimekaa, mguu mzito. Usije peke yako, na usirudi kwa kuendesha pikipiki.

Jioni ile sikuwa na maumivu hata chembe. Nilisonga ugali nimesimama wima, nikalala upande wa kushoto kwa mara ya kwanza mwaka ule. Kesho yake yakarudi. Siku ya tatu yakawa makali kuliko kabla ya sindano, nikalia kwa uchungu wa pesa na wa mwili. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba nafuu ya siku ya kwanza ni ya ganzi, nayo huisha kwa saa chache. Steroidi huanza kazi baada ya siku mbili hadi saba, wengine zaidi. Siku ya sita nilikaa kwenye kiti cha daladala mpaka Igoma. Ningeambiwa mapema, zile siku tatu za kilio nisingezipitia vile.

Shemeji yangu wa Nansio, kisiwani Ukerewe, alipata funzo gumu zaidi. Ana kisukari, na hospitali aliyochomwa hawakumuuliza. Steroidi hupandisha sukari kwa siku kadhaa. Yeye kipimo chake cha sukari kilisoma zaidi ya 20 (mmol/L), juu mno, akiwa tayari amevuka ziwa kurudi kisiwani. Kama una sukari, sema mwenyewe hata usipoulizwa, na upange na daktari namna ya kupima kila siku wiki ile. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, warfarini kwa mfano, sema pia, lakini usiache kuzimeza kwa uamuzi wako. Na wewe unayetoka visiwani, omba kwa ndugu hapa mjini ulale angalau siku mbili. Kichwa kikiuma sana ukikaa na kutulia ukilala, rudi hospitali. Homa, mguu kulegea, mkojo kukataa au kutoka wenyewe, au ganzi sehemu za siri: nenda usiku huohuo.

Sasa kosa langu mwenyewe. Niliposikia nafuu nilidhani nimepona, wiki ya pili nikainua gunia. Diski haikuwa imerudi mahali pake. Ni uvimbe tu uliopungua. Maumivu yakarudi kabla ya miezi mitatu. Madaktari wengi hawapendi kuvuka sindano tatu au nne kwa mwaka, hivyo kila moja ni mali. Ya pili niliitumia vingine: siku ya kumi nilikuwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kisha asubuhi nikitembea Kirumba kabla jua halijawaka. Magunia wanabeba vijana, nawalipa, faida imepungua na nimekubali. Diski nyingi husinyaa zenyewe kadiri miezi inavyopita; sindano ilinipa nafasi ya kusubiri nikiwa natembea.

Si wote inawafaa. Jirani yangu ambaye maumivu yake yalibaki kiunoni, hayateremki mguuni, hakupata chochote, na ndivyo inavyokuwa mara nyingi kwa maumivu ya namna hiyo.

Jumanne namsindikiza mama mmoja wa Igombe kwa sindano yake ya kwanza. Nimemnunulia daftari aandike maumivu yake kila jioni kwa siku kumi na nne, na ukurasa wa siku ya tatu nimeshaandika juu: "Nipigie."