Jibu: Kabureta yenye kuba juu, itafaa tena?

Ndugu, kwa maelezo yako (kuba juu, pistoni ndani, sindano moja ndefu chini yake) inaelekea hiyo ni kabureta ya SU, chapa ya Uingereza; kabureta ndiyo huchanganya hewa na petroli ya injini. Tafuta kibati kidogo kwenye skrubu ya kifuniko cha chemba ya boya (kikombe cha petroli chenye kielea ndani). Mara nyingi kina namba inayoanza na AUD, nayo huonyesha ilitengenezwa kwa gari gani. Kibati kikiwa kimepotea, pima upana wa tundu kubwa la kupitishia hewa, ujue ni aina gani. HS2 ni inchi 1¼, HS4 inchi 1½, HS6 inchi 1¾.

Kabla ya kununua chochote, shika mhimili wa kipepeo (kibati cha ndani kinachofungua na kufunga njia ya hewa) uutikise. Mhimili ukicheza, hewa itaingia hapo na injini haitatulia kamwe, hata urekebishe namna gani. Mimi huanzia hapo siku zote. Kisha inua pistoni uiachie: ishuke yenyewe na kugonga chini. Ikikwama, safisha kwa petroli na kitambaa, usipige msasa hata kidogo! Tikisa boya pia. Ukisikia petroli ndani, limetoboka.

Gasketi badilisha zote. Sindano ina herufi kwenye shina lake, na lazima ilingane na injini yako.