Maswali na majibu: figo moja, maumivu ya chini na dozi zisizoisha

Swali: Dokta, nina miaka 24. Nikimwaga napata maumivu makali kati ya korodani na njia ya haja kubwa, na mara mbili nimeona damu kwenye manii. Nimemaliza dozi nne za antibayotiki, naambiwa ni UTI sugu. Utotoni nilipigwa picha nikaambiwa nina figo moja. Kuna uhusiano?

Jibu: Upo, na hilo la figo ndo ungeanza nalo mdogo wangu. Figo na kifuko cha manii (sio korodani, ni kile kilicho ndani nyuma ya kibofu) vinategemea mrija mmoja wakati mtoto anaumbika tumboni, mrija ukikosea kati ya wiki ya 4 na ya 13 ya mimba basi figo ya upande ule haiumbiki na njia ya manii ya upande huohuo inaziba, kifuko kinaendelea kutengeneza majimaji yasiyo na pa kutokea, kinavimba polepole. Ndo maana utotoni husikii kitu, wengi wanagundulika wakiwa na miaka ya 20 au 30. Inaitwa sindromu ya Zinner na imeelezwa tangu 1914. Ni nadra, sawa, lakini unadra sio sababu ya kuandikiwa dozi ya tano bila picha wala mkojo kuoteshwa maabara! Kuna kijana aliniletea bahasha ya vipimo vyake, ultrasaundi ya miaka mitatu nyuma, mstari wa mwisho pale karatasi ilipokunjwa umeandikwa "figo ya kushoto haionekani", na miaka yote hiyo anatibiwa tezi dume. Nenda kwa bingwa wa mfumo wa mkojo umwambie: nina figo moja na naumia nikimwaga. Ultrasaundi ya kupitia njia ya haja kubwa inaweza kuuonyesha uvimbe, MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, ndo inamaliza ubishi.

Swali: Hii inasababishwa na kujichua?

Jibu: Hapana. Umezaliwa nayo. Naomba hili swali nisilione tena, vijana mnajitesa na hatia mnachelewa hospitali.

Swali: Kuna dawa ya kuyeyusha huo uvimbe? Hata ya mizizi.

Jibu: Hakuna, ya hospitali wala ya mizizi, na anayekuuzia anajua. Tena wewe una figo moja, hayo maji machungu usiyojua yana nini yanapita kwenye hiyohiyo moja, na diklofenaki, dawa za maumivu mnazomeza kama karanga, nazo vilevile.

Swali: Uvimbe wangu umeonekana kwa bahati tu, siumwi, daktari kasema tuuangalie. Ananipuuza?

Jibu: Hapana, amefanya sawa. Usioumwa haukatwi, unafuatiliwa. Ukianza kusumbua kuna kuunyonya kwa sindano, ila mara nyingi unajaa tena, kuna kuufungua kwa kifaa kinachopita njia ya mkojo, na kuna kukitoa kifuko chenyewe kwa upasuaji wa matundu madogo, ambao ndo unaondoa tatizo kwa uhakika zaidi. Kabla ya yote hayo pima manii, na kama unataka watoto uliza kuhusu kugandisha mbegu, maana ukishafanyiwa upasuaji umechelewa kuuliza.

Swali: Ina maana sitazaa?

Jibu: Sio lazima. Upande wa pili ukiwa mzima unaweza kutosha. Wapo wanaopata shida, na hao mbegu zinaweza kuchukuliwa moja kwa moja kwenye korodani. Pima kwanza ndo ulie.

Swali: Mwanangu wa kiume ana miaka 6, ameonekana ana figo moja. Nifanye nini?

Jibu: Mama, figo moja nzima kwa kawaida inatosha, ila inahitaji kuangaliwa. Apimwe presha na mkojo kila mwaka. Halafu hiyo karatasi itunze, na akishabalehe umwambie mwenyewe, kwa mdomo wako, kwamba figo ni moja na ni ya upande gani, ili siku akianza kuumwa chini asianze kuhangaika na dozi za UTI.