Jibu: Matoke ya felti yanatoa pamba kwenye mshono

Habari dada. Umesema matoke yako ya kuchezea ya felti (kitambaa cha nyuzi zilizoshindiliwa pamoja) yanatoa pamba kwenye mshono na ncha zinalegea. Kwanza kagua umbali kati ya mshono na ukingo: felti nyembamba huchanika ukishona ukingoni mno. Mimi huacha milimita 3, kisha nashona mshono wa blanketi (ule wa kuzungushia ukingo) kwa nyuzi 2 kati ya zile 6 za uzi wa kudarizi. Jaza pamba kidogo kidogo kwa kijiti butu, ukianzia nchani, kabla hujaziba. Kupinda kwa ndizi hutoka kwenye mkato, usikutafute kwa kuvuta uzi. Ukifika kwenye rolex ya felti (chapati iliyokunjwa na mayai na nyanya), mbegu za nyanya zidarizi badala ya kushonea shanga. Shanga ni hatari kwa mtoto wa chini ya miaka 3.